Kuchaniwa Mkeka na Timu Moja: Mwongozo kwa Anayetaka Kuacha Kubeti

Mwongozo huu ni wa mtu wa Nyakatuntu, au wa Kaisho, Nkwenda na Omurushaka, ambaye hela ya kahawa, ya maharage au ya bodaboda imeanza kuishia kwenye simu kabla haijafika nyumbani. Mke wake, mama yake na ndugu yake wana sehemu yao huko mbele.

Sitahubiri. Kama unasali umeshasikia mahubiri, na kama yangetosha usingekuwa unasoma hapa. Wala sitakuita mjinga. Anayebeti sana mara nyingi ni mwepesi wa hesabu kuliko jirani yake: anajua odi, anajua nani ana majeruhi, anakumbuka matokeo ya misimu mitatu. Shida yake iko kwingine. Kuna sentensi fupi zinazopita kichwani sekunde chache kabla ya kubonyeza. Zinasikika kama akili, kumbe ni hesabu mbovu. Sentensi hizo ni chache na zinajirudia. Ukizijua moja moja utaanza kuzisikia zinapokuja. Kuzisikia tu hakutoshi, kwa hiyo nusu ya mwongozo huu inahusu kuiweka hela mahali ambapo sentensi haiifikii.

Kwanza jipime

Maswali mawili yafuatayo yalitungwa na watafiti wa Marekani miaka ya 1990, na bado yanatumika kwa sababu ni mafupi na hayazunguki:

1. Umewahi kuona kwamba unahitaji kuweka dau kubwa zaidi na zaidi?
2. Umewahi kulazimika kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza?

Ukijibu ndiyo hata kwa moja, endelea kusoma ukiwa na kalamu. Kisha pitia na haya ya kwetu:

☐ Umeuza butura, kahawa ikiwa bado mtini, ili upate hela ya kubeti au ya kulipa deni la kubeti.
☐ Hela ya marejesho ya kikoba imepita kwenye mkeka hata mara moja.
☐ Umekopa Songesha au mkopo mwingine wa simu ili uweke dau.
☐ Unaamka usiku wa manane kuangalia matokeo ya ligi ambayo huwezi kutaja wachezaji wake watatu.
☐ Ukiliwa unaficha, na siku hizi hata ukishinda unaficha.

Shirika la Afya Duniani limeorodhesha uraibu wa kamari miongoni mwa magonjwa, kundi moja na uraibu wa pombe, katika orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Nalitaja hili kwa sababu moja ya kivitendo: una haki ya kwenda kituo cha afya ukalieleza kama ugonjwa, na huhitaji kulivika jina la malaria au presha ndipo upokewe.

Kwa nini Agosti ni mwezi mbaya

Mkulima wa huku hapati mshahara. Anapata hela nyingi mara moja, halafu miezi ya ukame wa mfuko. Msimu wa kahawa unaanza karibu na Mei na malipo yanaendelea kuingia hadi katikati ya mwaka na baadaye. Ligi za Ulaya zinaanza Agosti. Kwa hiyo mfuko ukiwa umejaa kuliko wakati wowote wa mwaka, ndipo kila wikendi inakuwa na mechi kuanzia mchana hadi usiku. Juni na Julai, ligi hizo zikiwa zimelala, anayeshindwa kusubiri anahamia mechi za Brazil, mechi za kompyuta, mchezo wa ndege inayopaa kwenye simu, na dubwi, ile mashine ya sarafu, pale senta.

Jambo la pili, ambalo si la Agosti pekee, ni simu yenyewe. Zamani mcheza kamari alitembea hadi mahali pa kuchezea, na njiani aliweza kukutana na shemeji yake akageuza. Leo pochi na kamari vimo kwenye kifaa kimoja, na kati yake kuna namba ya siri ya tarakimu nne.

La tatu ni umri. Ukivuka daraja la Murongo kuingia Uganda, sheria yao ya mwaka 2016 inamkataza kubeti kijana aliye chini ya miaka 25. Kwetu, chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, ni miaka 18. Kijana wa miaka 20 ana kichwa kilekile pande zote mbili za Mto Kagera. Mzazi usisubiri sheria ibadilike.

Sentensi zenyewe

*“Nimekosa timu moja tu.”*

Nimeiweka ya kwanza kwa sababu ndiyo inayorudisha watu wengi. Umeweka mechi kumi kwenye mkeka mmoja, tisa zimetiki, ya kumi imetoa sare dakika ya 90. Mkeka umechanwa na timu moja. Moyoni unaona umefika mlangoni, kesho unaingia.

Tufanye hesabu. Tuseme umechagua timu kumi nzuri kweli, kila moja ina nafasi ya kushinda mara 70 katika 100. Uwezekano wa zote kumi kushinda ni kama 3 katika 100. Uwezekano wa kukosa moja tu, yaani ile inayokuchania mkeka, ni kama 12 katika 100. Yaani kwa kila mkeka unaotiki, utachaniwa na timu moja kama mara nne. Kukosa kidogo ni kitu cha kawaida kabisa cha mchezo huu. Ndivyo mikeka mirefu inavyokufa, na hakukusogezi karibu na chochote, kwa sababu mechi za wiki ijayo hazijui kilichotokea wiki hii.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti wa watu waliocheza mashine ya kubahatisha huku ubongo wao ukipigwa picha. Kukosa kidogo kuliwauma kuliko kukosa kabisa, na bado kuliwaongezea hamu ya kuendelea. Sehemu za ubongo zinazoamka mtu anaposhinda ziliamka pia alipokosa kidogo. Hivyo ukijisikia umewaka baada ya timu moja kukuchania, usilichukulie joto hilo kama dalili ya bahati. Ni ubongo umepokea hasara kana kwamba ni nusu ya ushindi, na nusu ya ushindi hailipwi.

*“Sasa zamu yangu imefika.”*

Umeliwa mara nane mfululizo, kwa hiyo ya tisa lazima iwe yako. Agosti 18, 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu lilitua kwenye nyeusi mara 26 mfululizo. Wachezaji walizidi kumwaga hela kwenye nyekundu, kila mara wakiamini zamu yake imefika, na wengi waliondoka mikono mitupu. Gurudumu halikumbuki, na ndege ya kwenye simu haikumbuki pia. Dubwi “lililokula sana tangu asubuhi” halina tumbo la kushiba.

*“Mpira naujua.”*

Unaujua. Hapa wengi hukataa kusikiliza, kwa sababu wanadhani wanaambiwa hawajui mpira. Swali ni kama unaujua kuliko bei. Odi imepangwa na watu wenye takwimu za kila mchezaji, na imeachwa na fungu la kampuni ndani yake. Mechi ya nusu kwa nusu ingestahili odi ya 2.00; utapewa 1.85 au 1.90. Hiyo tofauti ndiyo kodi yao ya pango, mishahara na matangazo.

Rudi kwenye mechi zetu kumi za 70 katika 100. Tuseme kila moja imepewa odi ya 1.35. Zikizidishwa, shilingi 1,000 inakuahidi kama 20,100, na macho yanaona hiyo tu. Sasa cheza mkeka huo mara 100. Umetoa 100,000. Utashinda kama mara tatu kasoro kidogo, zitaingia karibu 57,000. Umepoteza 43,000 ukiwa umechagua vizuri, bila kukosea uchambuzi hata siku moja, na kodi ya ushindi haijakatwa. Fungu la kampuni, dogo kwenye mechi moja, linazidishwa pamoja na odi kila unapoongeza mechi. Mkeka mrefu ndio wanaoupenda.

Kuhusu “timu ya uhakika”: Novemba 22, 2022, Argentina iliingia uwanjani Qatar ikiwa haijafungwa mechi 36, ikafungwa 2-1 na Saudi Arabia. Na kuhusu “nilijua”: Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba 5-1. Leo ukipita senta yoyote utapata watu kumi wanaosema waliliona lile. Ukitaka kujua kama kweli unaona mbele, andika utabiri wako kwenye karatasi kabla ya mechi, bila hela, wiki nane mfululizo, pamoja na odi. Kisha jumlisha. Kichwa hutunza mikeka iliyotiki na kutupa iliyochanika. Karatasi haifanyi upendeleo huo.

*“Nirudishe hela yangu tu, halafu naacha.”*

Hii ndiyo inayouza ng'ombe. Zile nyingine zinakupotezea hela ya wiki. Hii inakupotezea kibanja. Udanganyifu wake uko kwenye neno “yangu”. Hela iliyoliwa si yako tena, kama ambavyo kahawa uliyokwisha kuuza si yako. Unayo hela nyingine mkononi, na hiyo ndiyo unataka kuituma ikafuate ya kwanza.

Wengine hudabo: ukiliwa 1,000 unaweka 2,000, kisha 4,000, ukiamini siku utakayoshinda utafuta hasara yote. Ukiliwa mara saba mfululizo umeshatoa 127,000, na dau la nane ni 128,000. Ukishinda hilo la nane kwa odi ya 2.00, faida yako baada ya jasho lote ni shilingi 1,000. Na kuliwa mara saba mfululizo hakuhitaji mkosi wowote. Ukicheza kila siku kutakukuta tu.

*“Fulani wa Kenya alishinda.”*

Alishinda kweli. Mwaka 2017 Samuel Abisai alipata shilingi za Kenya milioni 221 kwa kubashiri mechi 17. Mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja zinaweza kupangika kwa njia 129,140,163. Jackpoti ya mechi 13 ina njia 1,594,323, na hata kama wewe ni hodari kiasi cha kupata kila mechi nusu ya mara, bado ni mara moja katika 8,192. Aliyeshinda anapigwa picha na hundi kubwa. Walioliwa wiki hiyo hakuna aliyewapiga picha, ingawa hundi imetoka kwao.

Ndugu wa sentensi hii ni muuza mikeka wa Telegram. Namna mmoja wa aina hiyo anavyoweza kufanya kazi: ana watu 800. Nusu anawaambia timu A, nusu timu B. Waliopewa jibu sahihi, 400, anawagawa tena. Wanabaki 200, kisha 100. Watu hao 100 wamemwona akipatia mara tatu mfululizo kwa macho yao. Sasa anawauzia “mechi ya fiksi” kwa 20,000 kila mmoja, ana milioni mbili, na hajui lolote kuhusu mpira. Programu za “kutabiri ndege” nazo epuka kabisa. Anayejua ndege itaruka saa ngapi hana haja ya 10,000 yako.

*“Kilimo nacho ni kamari.”*

Hii ni yetu wenyewe, na inastahili jibu la heshima kwa sababu ina chembe ya ukweli. Mvua huijui, bei ya mnada huijui. Lakini ukipogolea, ukaweka samadi na kuchuma zilizoiva, mavuno yanabadilika kwa sababu yako. Bei ikianguka mwaka huu, mbuni bado umesimama shambani. Kwenye mkeka, bidii yako haiongezi kitu, na mechi ikiisha hakuna shina lililobaki.

*Nyingine fupi.* “Hii ni hela ya ushindi, si ya nyumbani”: ikishaingia kwenye simu yako ni ya nyumbani. “Nimeota namba.” “Wakala huyu ana mkono mzuri.” Hizi hazihitaji hesabu; ziandike tu, zikiwa kwenye karatasi zinajichekesha zenyewe.

KISANDUKU: Ndege na ile asilimia 97

Mchezo wa ndege unaojulikana zaidi unatangaza kwamba hurudisha asilimia 97 ya hela zinazowekwa. Asilimia 3 inaonekana ndogo. Tuseme unazungusha 1,000 mara 200 kwa saa moja, ukirudisha ndani kila unachoshinda. Umepitisha 200,000, na asilimia 3 yake ni 6,000. Kama uliingia na 10,000, kwa wastani zaidi ya nusu yake imebaki kwao ndani ya saa moja, huku ukikumbuka ile mara ndege ilipofika mbali. Kasi ndiyo inayokula.

Hatua za kufuata

Zifuate kwa mpangilio. Mlango wa hela unafungwa kwanza, kazi ya kichwa inafuata, kwa sababu ile saa hamu imepanda hakuna hesabu inayosikilizwa.

1. *Chagua mtu mmoja umwambie jumla yote.* Mtu anayeweza kutunza siri na hela: dada, mama mdogo, katekista, mweka hazina wa kikoba. Mwambie jumla kamili pamoja na madeni. Ukimwambia nusu, ile nusu iliyofichwa ndiyo itakayokurudisha.

2. *Chukua taarifa ya miamala ya miezi mitatu* kwenye programu ya mtandao wako au dukani kwao. Chora mistari miwili: hela iliyokwenda kampuni za kubeti, hela iliyorudi. Jumlisha mbele ya yule mtu. Wengi hukisia hasara yao chini ya ilivyo.

3. *Funga akaunti.* Wapigie au waandikie huduma kwa wateja wa kila kampuni uliyosajiliwa, waambie wakufungie kabisa kwa sababu unashindwa kujizuia, na utunze jibu. Toa hela iliyobaki kwanza, usije ukarudi “kuikomboa”. Wakikuzungusha, mlalamikie msimamizi wao, Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Kisha futa programu, zuia jumbe za promosheni, toka kwenye magrupu ya mikeka.

4. *Ipindishe njia ya hela ya kahawa.* Uliza chama chako cha msingi kama unaweza kulipwa kwenye akaunti ya benki badala ya simu. Akaunti yenye saini mbili, yako na ya mwenzako, ni bora. Isiunganishe na simu. Safari ya kwenda benki na nauli yake sasa ni mlinzi wako.

5. *Zima mikopo ya simu.* Lipa deni, kisha uombe mtandao ukutoe kwenye huduma. Usihamishe deni kwenda kwa mkopeshaji wa kausha damu. Anayekopesha kama biashara anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018; asiye nayo hana sababu ya kukutisha kuhusu kibanja.

6. *Subiri nusu saa.* Hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa usipoilisha. Mpe mtu simu, nenda kakate majani ya ng'ombe, kaoge. Usibishane nayo umekaa na simu mkononi.

7. *Andika kwenye daftari*, kila siku, hata siku ambayo hukubeti. Mfano wa ukurasa uko hapa chini.

8. *Miezi mitatu ya kwanza usikanyage kibanda umiza.* Najua ni adhabu, Jumamosi ya huku bila mpira ni ndefu. Sikiliza redio ukiwa nyumbani. Na usipitishe saa hizo kwenye orubisi. Pombe huifungua mikono kabla ya kichwa.

Daftari: mfano wa ukurasa

Safu nne zinatosha.

*Saa na mahali:* Jumamosi saa tisa, kijiwe cha bodaboda.
*Sentensi iliyopita kichwani:* “Wiki jana nimekosa timu moja, leo inatiki.”
*Hesabu yake:* Mechi kumi: kukosa moja ni 12 katika 100, kupata zote ni 3. Wiki jana haihusiki.
*Nilichofanya:* Nimempa mwenzangu simu, nimepeleka abiria Kaisho.

Andika sentensi kama ilivyokuja, kwa lugha iliyokuja nayo. Ikija kwa Kinyambo iandike kwa Kinyambo. Baada ya wiki tatu utaona ni sentensi mbili au tatu tu zinazokusumbua wewe, na zinakuja saa zilezile. Hapo utajua saa ipi ya kujilinda, jambo ambalo hakuna mshauri angeweza kukuambia siku ya kwanza.

Makosa ya kawaida

- Kupunguza dau badala ya kuacha. Kwa anayecheza kwa starehe inawezekana. Kwa aliyejibu ndiyo kwenye maswali ya mwanzo, dau dogo ni mlango ulioachwa wazi.
- Kusubiri ushindi mkubwa ili uache ukiwa juu. Ushindi mkubwa ni moja ya vitu vinavyowafunga watu zaidi.
- Kuapa hadharani, kanisani au mbele ya ukoo, bila kufunga akaunti hata moja.
- Kununua laini mpya “ya kazi” wiki mbili baada ya kufunga ya zamani.
- Kuanguka mara moja na kuhesabu kwamba yote yamevunjika. Ukianguka, mwambie mtu wako siku hiyohiyo, andika sentensi iliyokuangusha, tafuta ni mlango gani wa hela ulikuwa wazi, uufunge. Siku 40 ulizokaa bila kubeti hazijafutika.

Kwa mke, mume, mzazi na ndugu

Usimlipie deni kwa kumpa hela mkononi. Ukiamua kusaidia, mlipe anayedai moja kwa moja, mbele ya shahidi, baada ya mhusika kufunga akaunti. Deni linalofutwa kimyakimya humfundisha kwamba kuna mtu nyuma yake kila mara.

Kikao cha ukoo cha kumsimanga hakisaidii. Atatoka pale akiwa na sababu mpya ya kuficha. Kikao kifupi cha watu watatu chenye taarifa ya miamala mezani kinafanya kazi zaidi. Uliza “ni sentensi gani ilikuja?” badala ya “kwa nini umefanya?” Swali la pili halina jibu, la kwanza linalo.

Linda mali mapema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ardhi ya kijiji nayo haihamishwi bila kupitia halmashauri ya kijiji. Kama una wasiwasi, mwandikie mwenyekiti na mtendaji wa kijiji barua kwamba hujaridhia kuuzwa kwa kibanja, na ubaki na nakala yenye muhuri. Kushtaki baada ya mnunuzi kulima ni kazi kubwa zaidi.

KISANDUKU: Akisema afadhali afe

Chukulia kwa uzito, hata akisema akicheka au akiwa amelewa. Deni la kamari likichanganyika na aibu huwafikisha watu huko.

☐ Usimwache peke yake usiku huo.
☐ Muulize wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizi wazo.
☐ Ondoa dawa za kuulia wadudu na magugu zilizo nyumbani, zote, leo.
☐ Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au hospitali: Isingiro kwa upande wa Kaisho, Nyakahanga kwa upande wa Karagwe. Omba aonane na anayehudumia afya ya akili.

Hata bila hatari hiyo, nenda hospitali kama hulali, umekata tamaa kwa wiki mbili au zaidi, au pombe imeingia. Mazungumzo ya kuchunguza fikra kama tulivyofanya hapa ni tiba inayotumika duniani kwa uraibu huu, na msongo na ulevi unaoandamana nao una matibabu yake.

Orodha ya siku ya malipo ya kahawa

Ibandike ndani ya mlango wiki moja kabla.

☐ Nimeandika matumizi kabla hela haijaingia: ada, marejesho, mbolea, bati, chumvi na sabuni.
☐ Mwenzangu anajua kilo na bei, na ameiona stakabadhi.
☐ Tunakwenda benki wawili.
☐ Madeni yanalipwa siku hiyohiyo, la kikoba kwanza kwa sababu ndilo linalobeba jina langu kijijini.
☐ Kinachobaki kwenye simu hakizidi matumizi ya siku tatu.
☐ Kama malipo yameangukia Jumamosi, benki ni Jumatatu na stakabadhi inalala kwa mtu wangu.